Jinsi ya kuufikisha utafiti wa uchumi kwa umma bila kuupotosha

Makala ya jarida la uchumi inaweza kufika kurasa 40, majedwali kumi na tanbihi juu yake. Makala ya kusomwa na umma ina maneno 800 hadi 1,000, chati moja, na msomaji aliyeishika simu huku nusu ya akili iko kwingine. Mtafiti anayeichukua ile ya kwanza na kuikatakata mpaka ienee kwenye nafasi ya hii ya pili huishia na ikisiri iliyonenepa: mbinu mwanzoni, matokeo katikati, na lile jambo ambalo msomaji alitaka kulijua limejificha aya ya mwisho, kama limetajwa.

Kwa hiyo usifupishe. Anza upya na karatasi tupu. Kazi yenyewe ni kuchagua swali moja ambalo msomaji tayari analo kichwani, kulijibu kwa kadiri ushahidi unavyoruhusu, kisha kumwonyesha ushahidi huo unaishia wapi. Lugha nyepesi inasaidia, lakini makala nyingi mbovu za uchumi zimeandikwa kwa lugha nyepesi kabisa.

Swali moja, jibu moja

Andika swali kwa maneno yasiyozidi 15, kwa lugha ya mtu anayeuliza. "Kima cha chini cha mshahara kikipandishwa, watu watapoteza kazi?" Hilo ni swali. "Unyumbufu wa mahitaji ya nguvukazi katika soko lisilo na ushindani kamili" ni mada ya semina. Ukitaka kulipima, msomee mtu asiye mchumi kisha mwombe akisie jibu. Akiweza kukisia, hata akikosea, swali limeeleweka. Akikuuliza "una maana gani?", rudi ukaliandike tena.

Baada ya hapo andika jibu kwa sentensi moja. Sentensi hiyo ibebe mwelekeo (imepanda au imeshuka), ukubwa, wahusika ni akina nani, lini, na ikilinganishwa na nini. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika zaidi, na bila hicho vingine vyote vinaelea.

Tazama utafiti wa wachumi David Card na Alan Krueger uliochapishwa mwaka 1994. Jibu lake linaweza kuandikwa hivi: "Jimbo la New Jersey nchini Marekani lilipopandisha kima cha chini kutoka dola 4.25 hadi dola 5.05 kwa saa mwezi Aprili 1992, ajira katika migahawa ya vyakula vya haraka haikupungua ikilinganishwa na migahawa ya mashariki mwa jimbo jirani la Pennsylvania, ambako kima hakikuguswa." Ni sentensi ndefu kidogo, lakini kila kipande kina kazi. Ondoa Pennsylvania, na msomaji hana njia ya kujua kama ajira haikupungua kwa sababu nyongeza haikuidhuru au kwa sababu uchumi wote ulikuwa unapumua vizuri mwaka ule. Ondoa dola na senti, na mtu atalitumia jibu hilohilo kutetea kuongeza mshahara mara tatu, jambo ambalo utafiti haukuligusa.

Sentensi hiyo pia inakuonyesha cha kuandika baadaye kwenye aya ya mipaka, yaani pale unapoeleza ushahidi unaishia wapi. Migahawa iliyohojiwa ilikuwa 410. Mahojiano ya pili yalifanyika miezi michache tu baada ya nyongeza. Na wachumi wenzao, David Neumark na William Wascher, walirudi na rekodi za mishahara mwaka 2000 wakapinga matokeo, nao Card na Krueger wakawajibu mwaka huohuo. Msomaji akiambiwa hayo hapotezi imani na utafiti. Anayepoteza imani ni yule aliyeambiwa "sayansi imethibitisha" leo, kisha kesho akakuta wanasayansi wanavutana.

Jibu likigoma kuingia kwenye sentensi moja, mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili: umechanganya maswali mawili, na hapo andika makala mbili, au matokeo yenyewe hayapo bado, na hapo subiri.

Mpangilio wa maneno 800

Weka jibu ndani ya maneno 100 ya kwanza. Watafiti hulipinga hili kuliko ushauri mwingine wowote, maana jarida limewazoesha kupanda ngazi moja moja hadi kwenye matokeo. Msomaji wa kawaida hapandi ngazi asizojua zinakwenda wapi.

Baada ya jibu, eleza kwa nini linahusika sasa: bajeti inajadiliwa, riba imepandishwa, ushuru umebadilishwa. Aya moja inatosha. Kisha toa nafasi kubwa, kama theluthi ya makala, kwa "tunajuaje?" Hapa ndipo mtaalamu anatofautiana na mtoa maoni mwingine yeyote, kwa hiyo usipabane. Mbinu hata iwe ngumu kiasi gani inaweza kuelezwa kwa sentensi tatu: tulimlinganisha nani na nani; kwa nini tunaamini wangefanana kama sera isingebadilika; na nini kingeweza kutudanganya. Jina la mbinu halihitajiki. Mantiki ya kulinganisha ndiyo inayohitajika.

Mipaka ije kabla ya ushauri. Ikikaa mwisho kabisa itakatwa na mhariri anayetafuta nafasi, tena atakata kwa haki, kwa sababu ataona ni maneno ya kujihami.

Namba: hapa ndipo makala nyingi huanguka

Weka namba tano au sita kwa makala nzima, si zaidi. Kila namba inayoingia iwe na kitu cha kuilinganisha nayo, la sivyo ni mapambo. "Serikali imetenga bilioni 600" haimwambii msomaji kama ni nyingi au kidogo. Gawanya: kwa nchi ya watu milioni 60 hiyo ni 10,000 kwa kila mtu kwa mwaka, kama 830 kwa mwezi. Sasa anaweza kupima mwenyewe.

Asilimia na pointi za asilimia ni vitu viwili. Ukosefu wa ajira ukitoka asilimia 4 kwenda asilimia 5, umepanda kwa pointi 1 ya asilimia, na papo hapo umepanda kwa asilimia 25. Zote mbili ni kweli. Anayetaka kutisha hutaja 25, anayetaka kutuliza hutaja 1. Njia ya uaminifu ni kutaja mwanzo na mwisho: "kutoka 4 hadi 5 kwa kila watu 100 wanaotafuta au wenye kazi."

Mfumuko wa bei ni mtego mwingine, na Kiswahili chenyewe kinauongezea makali. Ukiandika "mfumuko wa bei umeshuka", sikio la msomaji linasikia "bei zimeshuka". Atatazama matumizi yake, aone hayajapungua, na akuhesabu mwongo. Mpe hesabu: kitu kilichouzwa 1,000, mfumuko ukiwa asilimia 10, mwaka unaofuata kinauzwa 1,100. Mfumuko ukishuka hadi asilimia 5, mwaka wa tatu kinauzwa 1,155. Bei bado inapanda, ila kwa mwendo wa polepole. Andika "bei zinaendelea kupanda, lakini si kwa kasi ya mwaka jana" na ugomvi umekwisha.

Neno "wastani" nalo linahitaji tahadhari. Katika mazungumzo ya kila siku, maisha ya wastani ni maisha ya kawaida, si ya juu wala si ya chini. Katika takwimu, wastani ni jumla iliyogawanywa kwa idadi. Chukua watu kumi: tisa wanapata 100 kila mmoja, wa kumi anapata 2,100. Wastani ni 300, na hakuna hata mmoja kati yao anayepata 300. Ukiandika "kipato cha wastani ni 300", watu tisa kati ya kumi watajiona wameachwa nyuma na wenzao ambao hawapo. Kwa kipato, mali na kodi ya nyumba, mara nyingi namba inayofaa ni ya mtu wa katikati: wapange wote kwa safu kuanzia mwenye kipato kidogo hadi mwenye kikubwa, umtazame aliyesimama katikati. Huyo anapata 100. Sema hivyohivyo, kwa maneno hayohayo.

Usichanganye nakisi na deni. Nakisi ni pengo la mwaka mmoja kati ya mapato na matumizi. Deni ni mlimbikizo wa mapengo ya miaka yote, likiondolewa kilicholipwa. Nakisi inaweza kupungua nusu huku deni likiendelea kukua, na kiongozi anayejisifu kwa la kwanza na mpinzani anayelalamikia la pili wote wawili wakawa wanasema kweli.

Ukuaji wa uchumi usiuandike bila kutaja watu. Pato la Taifa likikua kwa asilimia 5 na idadi ya watu ikikua kwa asilimia 3, kwa kila kichwa ni karibu asilimia 2. Tofauti hii si ndogo kama inavyoonekana. Kwa kanuni ya kugawanya 70 kwa kiwango cha ukuaji, uchumi unaokua kwa 5 huongezeka maradufu kwa miaka 14, lakini pato la kila mtu linalokua kwa 2 huhitaji miaka 35.

Na sasa uhakika. Desimali nyingi humpa msomaji picha ya usahihi usiokuwepo. Chukua mfano wa kubuni, sentensi ya aina inayoonekana sana kwenye rasimu: "Matokeo yanaashiria kwamba ongezeko la asilimia 10 la ushuru linahusiana kwa namna muhimu kitakwimu na punguzo la asilimia 4.137 la ujazo wa uagizaji." Iandike hivi: "Ushuru wa bidhaa hizo ulipopandishwa kwa sehemu ya kumi, uagizaji wa bidhaa zenyewe ulishuka kwa takriban asilimia 4; makadirio yetu yanaanzia 1 hadi 7." Desimali zimeondoka, upeo wa makadirio umeingia, na msomaji anajua zaidi kuliko mwanzo.

Uangalie pia huo usemi "muhimu kitakwimu". Kwa mtakwimu maana yake ni kwamba tofauti hii si rahisi kutokea kwa bahati tu. Kwa msomaji, "muhimu" ni jambo kubwa, jambo la maana. Tofauti ndogo isiyobadilisha maisha ya yeyote inaweza kuwa muhimu kitakwimu kama sampuli ni kubwa. Na kinyume chake ni hatari zaidi: matokeo yasiyo muhimu kitakwimu hayana maana kwamba "hakuna athari". Kama makadirio yanaanzia kupungua kwa 3 hadi kuongezeka kwa 9, ulichogundua ni kwamba data yako haitoshi kuamua. Andika hivyo. Kadhalika kwa kura za maoni: sampuli ya watu 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu hubeba kosa la takriban pointi 3 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Kutoka 46 mwezi uliopita hadi 48 mwezi huu si habari.

Chati moja

William Playfair, mmoja wa waanzilishi wa chati za takwimu, alichapisha grafu za mistari na nguzo za biashara ya Uingereza mwaka 1786, na makosa ya kuzichora hayajabadilika sana tangu hapo. La kwanza ni mhimili uliokatwa. Nguzo mbili, moja 50 na nyingine 52, zikichorwa kwenye mhimili unaoanzia 49, ya pili itaonekana ndefu mara tatu ya ya kwanza, ilhali tofauti halisi ni asilimia 4. Nguzo zianzie sifuri daima, kwa sababu jicho linasoma urefu wote. Mstari unaoonyesha mabadiliko kwa muda unaweza kuanzia juu ya sifuri, kwa sharti kwamba mhimili umeandikwa wazi.

Kosa la pili ni picha zinazopanuka. Otto Neurath, aliyefungua jumba la makumbusho ya jamii na uchumi huko Vienna mwaka 1925, alikataa kuonyesha wingi kwa kukuza picha. Alirudia picha ileile mara nyingi zaidi. Sababu yake ni ya jometri: ukiongeza urefu na upana wa sarafu mara mbili, eneo lake linakuwa mara nne, na msomaji anaona mara nne.

Kwa mengine: mistari isizidi mitatu, andika jina la kila mstari pembeni yake badala ya kisanduku cha rangi kilichojitenga, kichwa cha chati kitaje kilichogunduliwa ("Ajira haikupungua baada ya nyongeza") badala ya "Mwenendo wa ajira kwa mwezi", chini yake chanzo cha data na mwaka. Itazame kwenye simu, kisha ichapishe kwa rangi nyeusi na nyeupe. Kama huwezi tena kutofautisha mistari, wapo wasomaji ambao hawakuweza tangu mwanzo.

Ushahidi, utabiri na upendeleo

Ukifika kwenye sera, unatoka kwenye eneo ambalo shahada yako inakupa mamlaka na kuingia kwenye eneo ambalo kura yako ina uzito sawa na ya jirani yako. Msomaji ana haki ya kujua umevuka lini. Chapisha rasimu, chukua kalamu za rangi tatu: moja kwa yaliyopimwa, moja kwa yanayotabiriwa, moja kwa yanayopendelewa. "Ruzuku ilipunguza bei" limepimwa. "Ruzuku ikiondolewa bei itapanda kwa robo" ni utabiri. "Ruzuku iondolewe" ni upendeleo, hata kama umetanguliwa na "hivyo basi". Neno "inapaswa" ndilo linaloficha mengi. Kila unapolikuta, uliza linapaswa kwa faida ya nani.

Ushauri wa sera unaostahili jina hilo hutaja chaguo mbili au tatu, gharama ya kila moja, na anayeumia. Sera isiyomuumiza mtu hata mmoja kwa kawaida ni sera ambayo mwandishi hajamtafuta anayeumia.

Mgongano wa maslahi utaje kwenye makala yenyewe, si kwenye wasifu ulioko kurasa tatu mbele. Chama cha Wachumi wa Marekani kiliweka kanuni mwaka 2012 zinazowataka waandishi wa majarida yake kutangaza misaada mikubwa ya fedha kutoka kwa wenye maslahi, na mikubwa maana yake jumla ya dola 10,000 au zaidi ndani ya miaka mitatu. Ukiandikia umma, shuka chini ya kiwango hicho: kama malipo yakijulikana kesho yatamfanya msomaji akusome upya, yataje leo.

Ukaguzi kabla ya kutuma

Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala iliyoonyesha kwamba nchi tajiri zenye deni la umma linalozidi asilimia 90 ya Pato la Taifa zilikua kwa wastani wa asilimia hasi 0.1 kwa mwaka. Wanasiasa waliokuwa wakitetea kubana matumizi waliinukuu sana. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, pamoja na Michael Ash na Robert Pollin, waliirudia hesabu kwa kutumia lahajedwali (faili la hesabu la kompyuta) lilelile la waandishi, wakapata asilimia chanya 2.2. Fomula moja ilikuwa imeziacha nchi tano: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Kosa hilo peke yake lilieleza sehemu ndogo tu ya tofauti. Kubwa ilitokana na miaka iliyoachwa na namna nchi zilivyopewa uzito. Reinhart na Rogoff walikiri kosa la lahajedwali, wakapinga mengine.

Nchi zenye deni kubwa bado zilionekana kukua polepole zaidi. Kilichotoweka ni lile poromoko la ghafla la ukuaji kwenye asilimia 90, na poromoko hilo ndilo lililokuwa limepanda majukwaani. Kwa hiyo, ukikagua, anza na namba ambayo unajua itanukuliwa.

Tengeneza orodha ya kila namba iliyomo kwenye makala, na mbele yake faili, safu na seli ilikotoka. Mpe mtu ambaye hakushiriki utafiti azihesabu upya kutoka kwenye data, si kutoka kwenye jedwali lako. Kama matokeo yamesimama juu ya kizingiti fulani, kisogeze kidogo juu na chini uone kama yanaanguka. Halafu mpe msomaji mmoja wa nje ya fani, na usimuulize "umeelewa?", maana atasema ndiyo. Mwambie akuelezee makala inasema nini. Anachokosea ndicho ulichoandika vibaya.

Mhariri, mwanahabari na kichwa cha habari

Kichwa cha habari kwa kawaida huandikwa na mhariri, na ndicho wengi watakachosoma peke yake. Tuma vichwa vitatu pamoja na makala, vyote vya kweli, na omba uonyeshwe kilichochaguliwa kabla hakijatoka. Ukiona "yasababisha" mahali ulipoandika "huambatana na", pigania neno hilo kuliko aya nzima iliyokatwa.

Mwanahabari akipiga simu, ifungue faili kabla hujaanza kujibu. Toa sentensi yako moja, ile ya mwanzo, na irudie kwa maneno yaleyale, kwa sababu ukiibadilisha kila mara atachagua toleo kali zaidi. Swali lililo nje ya utafiti wako lijibu kwa kumtajia aina ya mtaalamu wa kumtafuta. Mwombe akusomee nukuu zako. Wengine hukataa, na ni haki yao, lakini wengi hukubali kuhakikisha namba.

Kosa likigundulika baada ya makala kutoka, lirekebishe siku hiyohiyo, mahali lilipotokea, na maelezo ya sahihisho yakae juu ya makala: ilikuwa imeandikwa nini, sasa inasomeka vipi, na kama hitimisho limebadilika au la. Usifute kimyakimya, maana aliyepiga picha ya toleo la kwanza yupo. Kisha mwandikie kila mwanahabari na kila ofisi ya serikali uliyoitumia makala, kwa barua pepe ya mistari mitatu, namba ya zamani na mpya zikiwa mstari wa kwanza.